Ubongo Nao Una Breki

Mwezi huu tunaanza na swali ambalo mama yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali huenda amejiuliza. Mtoto analetwa akiwa na degedege, muuguzi anamtia dawa kwa njia ya haja kubwa, na baada ya dakika chache anatulia. Kitanda cha pili yupo kijana wa kifafa ambaye tangu asubuhi anaanguka bila kupata nafuu. Naye anachomwa dawa hiyo hiyo. Wodi ya wanaume yupo baba wa watu aliyeacha gongo juzi. Anatetemeka, anaona wadudu ukutani, naye anapewa dawa hiyo hiyo. Dawa yenyewe ni diazepamu, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Valium. Je, yawezekanaje dawa moja iponye homa ya mtoto, kifafa na ulevi?

Jibu ni kwamba haiponyi hata kimojawapo. Kazi yake ni kusaidia breki za ubongo. Tukizifahamu breki hizo tutaelewa pia kwa nini mambo mawili tunayoyafanya nyumbani kwa nia njema kabisa, yaani kumwachisha mlevi pombe ghafla na kumkatiza mgonjwa vidonge vyake, yaweza kuua.

Mafuta na breki

Aliyewahi kushuka na gari lililojaa ndizi kutoka Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, hadi barabara kuu ya Moshi, anajua kwamba katika safari ile injini si kitu. Dereva anategemea breki. Gari lisilo na breki haliendi sokoni Tengeru, linakwenda korongoni.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja hupokea habari kutoka kwa maelfu ya wenzake. Seli hizo hazigusani. Katikati yake pana mwanya mwembamba mno, na habari huvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Kemikali hizo ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Moja huitwa glutamati, nayo huchochea: ndiyo mafuta anayokanyaga dereva. Ya pili huitwa gaba, nayo hutuliza: ndiyo breki. Tunapoinua kikombe cha chai bila mkono kutetemeka, tunapolala, tunaposikiliza mahubiri bila kusumbuliwa na kila sauti ya nje, ni kwa sababu mafuta na breki vinafanya kazi kwa mapatano.

Gaba ilikwisha kujulikana katika mimea kabla haijajulikana kwa binadamu. Mwaka 1950 mtaalamu wa Marekani, Eugene Roberts, alitangaza kwamba ameikuta kwa wingi ndani ya ubongo wa panya. Ilichukua miaka mingine kadhaa kuhakikisha kwamba kazi yake ni kunyamazisha neva.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba breki hii hutengenezwa kutokana na mafuta yenyewe. Seli huchukua glutamati, ikaipunguza kipande kidogo, na kile kinachobaki ndicho gaba. Kazi hiyo haiwezi kufanyika bila vitamini B6, ambayo imo katika ndizi zetu za Meru, viazi, kunde, samaki na maini. Hatusemi kwamba ndizi huponya kifafa, la hasha. Lakini mtu anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuishiwa na vitamini hiyo. Ndiyo maana mgonjwa wa TB hupewa kidonge cha B6 pamoja na dawa zake, kwa ajili ya kulinda neva zake. Basi tusikidharau kidonge kile kidogo.

Mlango wa chumvi

Sasa tuitazame breki inavyofanya kazi. Juu ya ngozi ya seli inayopokea habari vimo vipokezi. Kipokezi ni kama kitasa, na gaba ndiyo ufunguo wake. Kipokezi kikuu cha gaba, ambacho wataalamu hukiita aina ya A, kimeundwa kwa vipande vitano vya protini vilivyosimama kwa duara, kama wanawake watano walioshikana mikono kuzunguka kisima. Katikati pana tundu, nalo kwa kawaida limefungwa. Gaba ikifika na kushika mahali pake, tundu hufunguka na chembe za kloridi huingia ndani ya seli.

Kloridi si kitu kigeni jikoni kwetu. Ni mojawapo ya vitu viwili vinavyofanya chumvi tunayotia kwenye mboga. Chembe zake hubeba umeme hasi. Seli ya neva hutoa ujumbe pale tu umeme wa ndani yake unapopanda hadi kiwango fulani. Kloridi ikiingia, umeme huo huzuiwa kupanda, na seli hunyamaza. Yote haya hutokea katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha gaba hufyonzwa, na mlango hujifunga ukisubiri zamu nyingine.

Ipo pia aina ya pili, aina ya B, isiyo na tundu lake yenyewe. Hiyo hupeleka habari ndani ya seli ili milango mingine, ya potasiamu, ifunguliwe. Ni breki ya polepole, lakini hudumu zaidi.

Diazepamu iliundwa na Leo Sternbach na wenzake katika kampuni ya Hoffmann-La Roche, ikaanza kuuzwa kwa jina la Valium mwaka 1963. Watu waliimeza kwa zaidi ya miaka 10 kabla wataalamu hawajafahamu kwamba inafanya kazi kwenye mlango huu. Haishiki mahali inaposhika gaba. Hushika kando yake, na kufanya mlango ufunguke mara nyingi zaidi kila gaba inapougusa. Ni kama mtu anayepaka mafuta bawaba za mlango mgumu: yeye mwenyewe haufungui, bali humrahisishia mwenye ufunguo.

Breki zinapokatwa: pepopunda

Kati ya magonjwa yote hakuna linaloonyesha kazi ya gaba kwa uchungu kuliko pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika samadi. Vikiingia kwenye kidonda, au kwenye kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, hutoa sumu inayopanda kwa kufuata neva hadi uti wa mgongo. Huko sumu hiyo huzuia seli zisiitoe gaba pamoja na ndugu yake aitwaye glaisini. Mafuta yapo, breki hakuna. Misuli yote hukaza kwa pamoja.

Mtoto aliyezaliwa mzima na kunyonya vizuri siku mbili za kwanza huanza kushindwa kunyonya, kati ya siku ya 3 na ya 28. Taya hukaza, mgongo hupinda, na kila akiguswa au kusikia kishindo mwili hukakamaa. Lililo gumu zaidi kulitazama ni kwamba fahamu zake anazo.

Katika baadhi ya jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania, wakiwamo ndugu zetu Wamaasai, ilikuwa desturi kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu cha mtoto. Bibi zetu hawakuwa wajinga wala wakatili. Walitaka kitovu kikauke. Lakini ndipo pepopunda ilipopita. Kwa sababu ya chanjo kwa akina mama na uzazi ulio safi, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kwamba pepopunda ya watoto wachanga si tatizo kubwa tena nchini. Haina maana kwamba vijidudu vimekwisha. Vingali katika udongo wa mashamba yetu. Kinachotulinda ni ile sindano ya kliniki, kwa hiyo mwanamke mjamzito asiikose, na kitovu kisipakwe kitu chochote ambacho mhudumu wa afya hakukiagiza.

Breki zinapozidiwa: degedege na kifafa

Ubongo wa mtoto mdogo haujakamilisha mapatano ya mafuta na breki. Kwa hiyo homa kali, malaria, au ugonjwa wa uti wa mgongo waweza kuzizidi nguvu breki zake, na maelfu ya seli zikapiga kelele kwa pamoja. Hiyo ndiyo degedege. Jina lenyewe linatukumbusha imani ya zamani kwamba ni ndege wa usiku au pepo aliyempitia mtoto, na kwa imani hiyo watoto wamefukizwa moshi na kukojolewa huku dakika zikipita. Wapo hata leo wanaosema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Wakati mwingine mtoto hufariki baada ya sindano kwa sababu alicheleweshwa mno kuifikia.

Sisi wa Arusha tuna jambo la kuangalia zaidi. Kwa kuwa kwetu kuna baridi na mbu wa malaria ni wachache, watoto wetu hawajajenga kinga. Mtoto akienda likizo Mto wa Mbu au Magugu kisha akarudi na homa, asingojewe.

Mtoto akianza kutetemeka, mlaze kwa ubavu, mwondolee vitu vya hatari, usimkandamize, wala usimtie kijiko, kitambaa au dawa mdomoni. Tazama saa. Ikipita dakika 5 ni hatari kubwa. Lakini hata ikikoma mapema, mpeleke hospitali. Tukumbuke kwamba diazepamu itatuliza mtetemeko tu. Malaria bado inataka dawa yake, na uti wa mgongo dawa yake. Tumwombee mtoto, ndiyo, lakini tumwombee tukiwa njiani.

Kifafa nacho ni habari hiyo hiyo ya breki kuzidiwa, ila hujirudia mara kwa mara, hata bila homa. Huko Mahenge, kusini mwa nchi yetu, tangu mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu watu waliokuwa wametengwa na kuogopwa kwa sababu ya kifafa, baadhi yao wakiwa na makovu ya moto walikoangukia. Dawa aliyoitumia ni fenobabitoni, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1912 na bado inatumika. Nayo hushika kwenye kipokezi kile kile cha gaba, ikaufanya mlango ukifunguka ukae wazi muda mrefu zaidi.

Hapa tuseme wazi. Mgonjwa wa kifafa anayeona miezi imepita hajaanguka, anashawishika kudhani amepona, akaacha vidonge. Mwaka 2011 maelfu ya magari yalipita Arusha kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo waliorudi wakiamini kwamba hawahitaji tena dawa za hospitali. Ubongo uliozoea kusaidiwa breki kila siku, ukinyang'anywa msaada huo kwa siku moja, huweza kuingia katika kifafa kisichokoma, ambacho kinaua. Dawa hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, kwa miezi. Hata mwenzetu akipata mimba asiziache kwa hofu. Aende kliniki mapema aeleze anachotumia. Na kwa wale wanaopanga uzazi: fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vya vijiti, kwa hiyo mwambie mhudumu ili akushauri njia nyingine.

Breki ya kuazima: pombe

Tumefika kwenye jambo linaloumiza nyumba nyingi kuzunguka mlima huu. Mbege ya ndizi na ulezi ni kinywaji cha harusi na cha mazishi. Gongo, ingawa sheria imeikataza tangu miaka ya 1960, haikosi wanunuzi. Pombe za viroba zilipigwa marufuku mwezi Machi 2017, lakini walioanzia kwenye viroba hawakuacha kunywa siku hiyo. Na tusisahau kwamba mara nyingi mpikaji wa pombe ni mwanamke, atafutaye ada ya shule.

Pombe hufungua mlango ule ule wa kloridi, na wakati huo huo huzuia glutamati. Ndiyo maana mnywaji husahau wasiwasi wake, ulimi ukalegea, miguu ikapepesuka, usingizi ukaja. Kama ni mara moja, kesho yake mambo hurudi mahali pake. Lakini mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha. Husema, kana kwamba, "Breki zimezidi," ukavipunguzia nguvu vipokezi vya gaba na kuongeza vile vya glutamati. Sasa mtu huyu ana breki dhaifu na mafuta mengi, naye husimama wima kwa sababu tu pombe inashikilia. Ndiyo sababu mkono wake hutetemeka asubuhi, na hutulia akipata glasi ya kwanza.

Ndipo mke, kwa upendo na uchovu, anaamua kuikata. Anaficha fedha. Anaomba shemeji wamfungie mumewe ndani, au wampeleke kwa wazee huko juu mlimani asikojua mahali pa kununua. Siku ya kwanza mume anatoka jasho, anatapika, anatetemeka. Kati ya siku ya kwanza na ya pili anaweza kuanguka kama mtu wa kifafa ingawa hajawahi kuwa nacho. Siku ya tatu anaweka vita: anaona nyoka na wadudu, anazungumza na waliokufa, hamtambui mkewe, moyo unakwenda mbio, homa inapanda. Jamaa wanasema amerogwa, au mapepo yanamtoka, wanamfunga kamba. Mtu huyu breki zake zimekwisha, na asipotibiwa anaweza kufa. Na atakayeshutumiwa msibani ni mke yule yule aliyetaka kumwokoa.

Je, basi tumwache aendelee kunywa? Hasha! Aache, lakini aachie hospitalini. Kama mtu anakunywa kila siku, na asubuhi anatetemeka mpaka apate glasi, msizuie pombe kwanza na kutafuta daktari baadaye. Anzeni na daktari. Hospitali ya Mount Meru, Selian, au Nkoaranga kwa walio upande wa Meru, ni mahali pa kuanzia. Daktari aweza kumpa diazepamu iishike breki mahali pa pombe, kisha akaipunguza siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Hayo ni ya siku chache. Kuendelea kutokunywa ni kazi ya miezi na miaka, na humo ndimo zinapohitajika familia, kanisa na marafiki wapya.

Dawa hii si ya kununuliwa dukani na kumpa mume kwa siri. Diazepamu ikikutana na pombe, breki mbili hukanyagwa kwa pamoja, na pumzi yaweza kusimama. Wala sisi wenyewe tusiizoee. Tunawajua akina mama wanaokosa usingizi kwa ajili ya mume asiyerudi, wakaanza na kidonge kimoja cha kulalia. Baada ya wiki chache tu ubongo unaanza kujirekebisha kama ulivyofanya kwa pombe, na kidonge kimoja hakitoshi. Kama umekitumia kwa muda, usikiache ghafla. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Mambo ya kukumbuka

1. Kukakamaa, kuanguka na kuona vitu visivyokuwapo ni dalili kwamba breki za ubongo zimezidiwa au zimekatwa. Mahali pake ni hospitali.

2. Mtoto wa degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe mara moja.

3. Chanjo ya pepopunda wakati wa ujauzito isikosekane, na kitovu kibaki safi na kikavu.

4. Vidonge vya kifafa havikatizwi, hata na aliyepata nafuu, hata na mjamzito.

5. Anayekunywa kila siku aache kwa msaada wa daktari, si kwa kufungiwa ndani.

6. Mjamzito asinywe pombe kabisa, kwani huvuka na kuufikia ubongo wa mtoto unaojengwa. Na mtoto asipewe hata kijiko cha pombe ili alale.

Mama mpendwa, kama ndani ya nyumba yako yupo mtu wa namna hii, usione haya kumpeleka, wala usijihukumu kwamba hukumvumilia au hukumwombea vya kutosha. Mwenye breki mbovu hafokewi aendeshe vizuri. Hupelekwa kwa fundi kwanza. Mkikutana katika kikundi chenu cha wanawake, waelezeni na wenzenu habari hizi, hasa ile ya siku ya tatu, kwa maana ndiyo inayotukuta bila kujua.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya usingizi wa watoto wa shule. Hadi hapo, tunawatakia afya njema ninyi na nyumba zenu.